Mfumo Hauna Kidole

6 Februari

Mtoto wa kaka yangu,

Salamu kwako, kwa mkeo, kwa huyo mtoto asiyelala, na kwa wote wanaokula kwa mgongo wa karakana ile. Mimi niko kwa binamu yako. Goti limepasuliwa na kushonwa. Mishono nimeikagua: mirefu mno, tena haikulingana. Mtu wangu wa mapindo angeifumua yote. Nilimwambia daktari hivyo, hakucheka. Binamu yako akitoka zamu ya wodini ananiuliza kama nimefanya mazoezi, namjibu nimefanya, naye anajifanya kuamini. Tunaishi vizuri.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yako ina ugonjwa. Nikikuuliza habari za mvua, unasikika kama uko chumba cha pili. Nikikuuliza karakana inaendaje, mtandao unakatika. Karatasi haina mtandao. Barua hii inakuja kwa basi la vifurushi, na jibu litarudi kwa njia hiyohiyo, kwa mwandiko wako mwenyewe, mbaya kama ulivyo.

Mama wa stoo ameniambia umenunua mfumo wa kompyuta wa kuendesha biashara nzima: manunuzi, stoo, oda, mishahara, wateja, vyote kwenye kioo kimoja. Na kila anayeutumia analipiwa kila mwezi. Na mlinzi naye ana akaunti. Mwanangu, mlinzi kazi yake ni kufungua geti na kulifunga. Ataingiza nini humo? Kwamba geti bado lipo?

Nilianza na cherehani moja ya kukanyaga sebuleni kwangu. Mkasi, fundi mkataji ambaye jina la kazi limemganda, anakata kitambaa juu ya meza ya chakula, mimi nashona. Leo cherehani ni kumi na nane, tunashona sare za shule, mavazi ya hospitali na aproni, na hakuna mtu aliyewahi kunishauri kwa malipo. Nilipokuachia funguo nilikuambia: paka rangi, hamisha meza, badilisha unachotaka, ila usimwondoe mtu hata mmoja bila mimi kujua. Neno hilo liko palepale.

Nijibu umenunua kwa nani na kwa nini. Msalimie Mkasi. Mwambie nimepewa chuma cha kutembelea chenye miguu minne, acheke mapema ili nikirudi awe amemaliza.

Shangazi yako


17 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tumefurahi goti limetulia. Mke wangu anakusalimu sana. Mtoto ameota jino na anauma kila kitu, mimi nikiwemo.

Shangazi, usiudhike kabla hujanisikiliza. Biashara yetu haiko sebuleni tena. Nilipoingia ofisini nilikuta oda zimeandikwa nyuma ya risiti, nyingine kwenye boksi la zipu, na nyingi zaidi zikiwa kichwani mwako, na kichwa chako kimesafiri. Mfumo huu unaunganisha idara zote. Mteja akiagiza mashati mia mbili, stoo inajua papo hapo, manunuzi yanajua, chumba cha kukatia kinajua. Mshauri aliyetuuzia anasema biashara ndogo na za kati zinazokataa mifumo zitafia njiani.

Wala usidhani umewekwa pembeni. Wewe ndiye uko juu kabisa. Manunuzi makubwa, bei mpya na mambo yote ya wafanyakazi hayapiti bila idhini ya mwenye karakana. Mfumo unakutumia ujumbe kwenye simu, basi. Huna haja ya kuhangaika.

Huku kila kitu kinakwenda vizuri.

Mwanao


25 Februari

Mwanangu,

Nimeipata barua, na kwanza pole kwa kuumwa na mwanao. Baba yako naye alikuwa anauma, aliacha alipoanza shule. Binamu yako amepandishwa cheo wodini, sasa anachoka kwa mshahara mkubwa kidogo. Mimi natembea hadi dirishani na kurudi.

Huyo mshauri namkumbuka. Alikuja wiki moja kabla sijaondoka, ana viatu vyenye ncha kama sindano namba kumi na sita. Aliomba maji, akaizungushia macho karakana yote kwa muda wa kumaliza glasi, akasema, "Mama, hapa kuna fursa." Mtu anayeona fursa kabla hajaona cherehani simwamini. Amewahi kushona nini? Amewahi kuuza nini, ukiacha hicho kioo chake? Zitafia njiani! Njia hiyo nimepita mimba tumboni na jora la kitambaa begani, yeye akiwa bado anafundishwa kufunga kamba za hivyo viatu.

Sasa nikupe hesabu, maana naona mfumo haukukupa. Watumiaji kumi na mmoja mara ada ya mwezi ni mishahara ya washonaji wawili na nusu. Hao wawili nawajua wa kuwaweka. Niambie huyo nusu utamkalisha wapi.

Ujumbe wa simu usinitumie. Simu hii inamwagiwa takataka mchana kutwa: mikopo, bahati nasibu, watu wanaonipongeza kwa mambo nisiyoyafanya. Nafuta zote bila kusoma. Ukiwa na swali, kalamu unayo.

Hukusema kama Mkasi alicheka.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa tunahesabu stoo nzima ili tuiingize kwenye mfumo, hadi pini za kushikizia kitambaa. Mke wangu amepata homa akapona. Jino limekuwa mawili.

Nina habari njema. Mfumo umeonyesha kwamba oda ya shule ya wasichana, ile unayoiita oda ya heshima, inatutia hasara miaka yote. Sketi za marinda zinakula kitambaa kuliko bei tuliyowawekea. Kwa macho hatukuliona hilo. Kwenye dashibodi, ukurasa wa muhtasari wa mfumo, limetokea kwa rangi nyekundu siku ya kwanza.

Kuna changamoto ndogo. Stoo inaonyesha vifungo vyeupe ni hasi mia nne. Mshauri anasema ni suala la data, litajirekebisha.

Pia sasa tunapima tija. Kila fundi akianza kazi anabonyeza, akimaliza anabonyeza, na mfumo unatoa idadi ya vipande kwa saa. Baadhi ya matokeo yalitushangaza, lakini tumeyafanyia kazi.

Oda ya hospitali imekuja kubwa kuliko mwaka jana. Pumzika, Shangazi.

Mwanao


29 Machi

Mwanangu,

Mpe mkeo pole na pongezi kwa pamoja. Mimi chuma cha miguu minne nimekiacha, sasa nina fimbo. Binamu yako ameleta mchumba nyumbani. Anakula taratibu na anasikiliza. Nampima bado.

Vifungo hasi mia nne. Nimelisoma hilo, nikaweka barua chini, nikaichukua tena. Nitumie kimoja. Chagua kilicho hasi kabisa, kifunge kwenye karatasi, nikishone kwenye blauzi yangu nione itafunguka au itafunga. Mtu wangu wa stoo kwa miaka yote hiyo hajawahi kupungukiwa zaidi ya kopo moja, nanyi kwa mwezi mmoja mmefika chini ya sakafu na mnachimba. Halafu unaniambia itajirekebisha. Kitambaa kilichokatwa vibaya umewahi kukiona kikijirekebisha?

Hilo la sketi za marinda nimelipigia hesabu mwenyewe, kwa penseli, nyuma ya kadi ya kliniki. Ni kweli. Limeniudhi zaidi kwa kuwa ni kweli. Pandisha bei, na mwalimu mkuu akilalamika mpe namba yangu.

Lakini nani amekushangaza? Katika watu kumi na tisa ninaowajua mpaka wanavyokohoa, ni yupi mliyemgundua ninyi kwa kubonyeza? Na mmemfanyia kazi vipi?

Jambo jingine. Mama wa stoo hapokei simu zangu. Nimempigia Ijumaa, ikaita mpaka ikachoka. Nimempigia mtu wa mapindo, akasema "Asante mama, nina kazi," akakata. Nina kazi! Mtu niliyemfundisha kushika sindano.

Ndani ya bahasha hii kuna kikaratasi cha Mkasi. Mpe mkononi. Tumegombana kila siku ya kazi tangu cherehani ya kwanza, na sasa naona nyumba ya binamu yako ina ukimya unaoniumiza masikio.

Shangazi yako


15 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima. Samahani kwa ufupi, ni msimu wa kazi.

Vifungo tumevirekebisha, vilikuwa vimeingizwa kwa pakiti badala ya kimoja kimoja. Kikaratasi chako nimekipokea na kipo salama. Ile mashine ya umeme ya kukatia imefika kama ulivyoidhinisha, na oda ya hospitali itakwisha kabla ya wakati.

Msalimie binamu na huyo mchumba.

Mwanao


23 Aprili

Mwanangu,

Sikuulizi habari za nyumbani leo. Nitakuja kuziuliza baadaye.

"Kama ulivyoidhinisha." Nimeyasoma maneno hayo mguu ukiwa juu ya stuli. Mimi nimeidhinisha nini? Mashine ya umeme ya kukatia nimeiona kwenye picha za matangazo, basi. Nikamwita binamu yako, nikampa simu, nikamwambia atafute zile takataka ambazo bado sijazifuta. Zilikuwa zimebaki tatu. Akazisoma kwa sauti yake ya wodini, ile anayowasomea watu majibu yao.

Umeidhinisha ununuzi: mashine ya kukatia. Umeidhinisha mabadiliko ya bei.

Kabla ya kusoma ya tatu aliniangalia. Umeidhinisha kusitisha ajira: fundi mkataji. Sababu: tija chini ya kiwango. Tarehe ni ya mwanzo wa Machi.

Tangu Machi nimekuwa nikimtumia salamu mtu ambaye hayupo, na wewe umekuwa ukizipokea. Kikaratasi kipo salama, uliandika. Salama wapi? Kwenye droo yako?

Swali ni moja tu, na usilijibu kwa maneno ya mshauri. Nani alibonyeza?

Shangazi yako


11 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nyingi.

Ombi likikaa siku tano bila kujibiwa, mfumo unaonyesha limekwama, na kila kitu nyuma yake kinakwama. Wewe ulikuwa hujibu. Akaunti yako niliifungua mimi wakati wa majaribio, neno la siri lilikuwa siku ya kuzaliwa ya baba. Mshauri alisema mameneja wengi wanafanya hivyo ili kazi isisimame. Kwa hiyo mfumo uliidhinisha kwa akaunti yako.

Kuhusu Mkasi, naomba utazame takwimu bila hasira. Wakataji wengine wanatoa vipande sabini kwa saa, yeye thelathini. Mkono wake unatetemeka, Shangazi. Wewe unajua unatetemeka. Oda ya hospitali ilikuwa mlangoni. Kama ningekuuliza, ungekataa.

Notisi ilitoka kwenye printa ikiwa na jina lako chini, ndivyo ilivyopangwa kutoka. Aliisoma amesimama. Akaikunja, akaitia mfukoni, akachukua mkasi wake kwenye msumari na kuondoka. Mafundi wakadhani ni wewe. Sikuwasahihisha. Nadhani ndiyo maana hawapokei simu.

Mashine imetuokoa kwenye oda ile, hilo nalo ni kweli.

Mwanao


17 Mei

Mtoto wa kaka yangu,

Nimeisoma barua yako kama ninavyokagua shati la mwanafunzi wa mwezi wa kwanza, ndani nje. Mfumo ulimtambua, mfumo ulionyesha, mfumo uliidhinisha. Mfumo hauna kidole. Kidole ni chako, nakijua, nilikitoa mwiba ukiwa na miaka sita na ulipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Kelele hizo ningezitaka sasa. Badala yake nimeletewa takwimu.

Ungekuwa umeniibia jora la kitambaa ningekuelewa, kitambaa kina thamani, watu wanaiba. Wewe umechukua jina langu ukaenda kulifanyia kazi ambayo jina lako lilikuwa linaogopa.

Ningekataa, ndiyo. Kuuliza maana yake ni hiyo, unaweza kukataliwa. Mtu anayeuliza pale tu anapojua atakubaliwa anajiongelesha mwenyewe.

Unanieleza mkono unatetemeka! Mkono huo nimekaa nao mkabala tangu hauna mvi hata moja. Ulianza kutetemeka mwaka tuliohamia jengo jipya. Nilipiga hesabu. Upungufu wake niliufidia kwa faida ya aproni, kila mwezi, na bado nilibaki na kitu. Hasara ilikuwa yangu, kwa mfuko wangu, na nilijua siku yake ya kumaliza inakaribia. Ningemwambia mwenyewe. Tungefokeana kama wiki nzima, angenitukana kuhusu kola, ningemtukana kuhusu saa, na siku ya mwisho angeondoka kwa mlango wa mbele mafundi wote wamesimama. Hiyo ndiyo ilikuwa mipango yangu. Haikuwa kwenye dashibodi.

Sasa sikiliza. Utakwenda nyumbani kwake mchana, kwa miguu, bila mshauri. Utamwambia kwa mdomo wako nani alibonyeza. Utampa kikaratasi. Kesho yake utawasimamisha mafundi na kuwaambia hivyohivyo. Halafu utaniandikia alichosema, neno kwa neno, usinipunguzie makali.

Neno la siri nimelibadilisha, binamu yako amenionyesha. Usijaribu siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote katika ukoo huu. Na kuanzia jana kila ombi linaloingia nalikataa, hata la karatasi za printa. Ni rahisi kweli. Sikujua kukataa kunaweza kuwa na kitufe chake.

Shangazi yako


2 Juni

Shangazi,

Shikamoo.

Nilikwenda Jumamosi mchana. Nilimkuta sebuleni anakata gauni la mteja juu ya meza ya chakula, sahani zimesukumwa pembeni. Hakunikaribisha kiti. Nilimwambia nikiwa nimesimama: ni mimi niliyebonyeza, Shangazi hakujua.

Hakuacha kukata. Akasema, "Nilijua si yeye. Yule angenifokea kwanza."

Nikamuuliza, sasa mzee wangu, kwa nini hukumpigia simu? Akaweka mkasi mezani.

"Nimpigie nimwambie nini? Jina lilikuwa lake. Kama ameliacha ovyo watoto wakalichezea, na hilo nalo anieleze. Simu yake haipigi, inapigiwa tu?"

Akasoma kikaratasi chako. Sikijui ulichoandika, sikukifungua, nakuapia. Alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Fimbo itamfaa, ataipigia watu." Nikamwomba arudi. Akasema harudi kukata. "Mkono umechoka, yeye anajua, mimi najua, na wewe umetujulisha. Sipingi kuondoka. Lakini nilitaka niambiwe na mtu. Niliambiwa na printa."

Nikaondoka. Hakunisindikiza.

Jumatatu niliwaambia mafundi. Aliyejibu ni mama wa stoo. Alisema, "Kwa hiyo miezi yote hii tumemnunia mgonjwa wa goti?" Halafu akaniangalia kiasi kwamba ningeona afadhali unifokee wewe.

Shangazi, najua sina haki ya kuomba. Lakini uzi mweupe umekwisha kabisa, cherehani saba zimesimama, na ombi umelikataa mara mbili.

Mwanao


12 Juni

Mwanangu,

Mpe mkeo salamu, na mtoto, meno mangapi sasa? Mchumba wa binamu yako nimemkubali, alinipinga jambo moja mezani na alikuwa sahihi. Goti linapanda ngazi.

Nilimpigia Mkasi siku hiyohiyo barua yako ilipofika. Tulifokeana mpaka chaji yake ikaisha. Akaweka chaji, akanipigia, tukaendelea. Alichoniambia kuhusu jina langu kinabaki kwangu, nimekisikia.

Huu mfumo wenu nimekaa nao wiki mbili mguu juu ya stuli. Si mjinga kama nilivyodhani. Unahesabu vizuri ukilishwa vizuri, na haujawahi kujisifu. Wajinga ni wale wanaojificha nyuma yake na viatu vyao vya ncha. Nimefuta akaunti ya mlinzi na nyingine nne. Mmebaki sita. Yule nusu mshonaji wako nimempata, pamoja na zaidi ya nusu ya mwenzake.

Nimemrudisha Mkasi kazini mpaka mwisho wa Julai. Hatakata, na hakuna atakayempima. Atakaa kwenye kiti chake na kuwakosoa, kwa mshahara uleule. Mimi narudi wiki ya mwisho ya mwezi huo. Siku ya mwisho nitamwambia mwenyewe, mbele ya watu wote, kwamba kazi imekwisha, naye ataondoka kwa mlango wa mbele. Mkeo aje, na mtoto aje.

Mfumo uliniuliza sababu ya kumwajiri. Nimeandika: aliondolewa na mtu asiye mwenye jina lililo kwenye notisi. Kumbe humo ndani unaweza pia kuweka kwamba jambo la mfanyakazi liidhinishwe na wawili. Mimi nimeshaidhinisha. Wa pili ni wewe. Likipita, notisi itatoka kwenye printa ileile, safari hii jina lako chini, na utaipeleka wewe nyumbani kwake, kwa miguu, njia unaijua.

Ombi la uzi nimelikubali pia, lakini nimelipanga nyuma ya hilo. La kwanza lisipojibiwa, la pili halifunguki. Umeniambia mwenyewe, likikwama moja kila kitu nyuma yake kinakwama.

Cherehani saba zinakungoja. Bonyeza.

Shangazi yako